Picha Bila Watu

Wamenituma na karatasi: picha arobaini,
nyumba ya meneja, ghala, mtambo, mipaka yote minne,
na chini kabisa, kwa wino mwekundu: bila watu.
Nyumba tupu huuzwa haraka, alisema bwana wa benki,
akanilipa nusu.

Nimefika Naluwale kwa bodaboda kutoka Mingoyo,
stendi ya kamera nimeilaza mapajani kama mtoto mgonjwa.
Mkonge umegeuka pori. Milingoti imesimama ovyo ovyo,
kila mmoja ulichanua mara yake moja
ukafa wima.

Naanza na ofisi. Rangi inabanduka kwenye fremu ya mlango,
nami naichokoa kwa ukucha:
samawati ya shirika la umma, na chini yake
kijani ya Mgiriki, aliyekuja na gramafoni na madeni,
chini yake krimu ya Mwingereza, mtunza mali ya adui,
chini yake chokaa ya Mdachi, ngumu kama jino.
Chini ya chokaa, tumbawe.
Kutoka pwani hadi hapa ni mwendo wa asubuhi nzima, bila mzigo.
Tumbawe halisemi lilikuja juu ya kichwa cha nani.
Naminya tundu la lenzi, tabaka zote zitulie.

Sikumwambia bwana wa benki kwamba shamba hili nalijua.
Nyumbani Nachingwea, kwenye sanduku la bati la bibi,
ipo picha: manamba sitini mbele ya korona,
Mgiriki katikati, kitini, kofia gotini.
Mbwa wake ana sura, tena ana jina, limeandikwa nyuma: Hektor.
Watu wana namba.
Safu ya pili, wa tatu kutoka kushoto, hana uso,
ni ukungu tu juu ya shati.
Waliambiwa wasitikisike. Yeye siafu walishamfika magotini.
"Huyo ndiye babu yako," bibi alisema, akicheka mpaka machozi.
"Hata siku ya picha hakutulia."
Namba 2217.

Saa saba mchana. Watu wapo, wangekosaje kuwapo?
Banda la brashi ni jiko la Somoe Likokola.
Kanga zake zimeanikwa kwenye kipande cha reli ya troli.
Watoto wanakatiza, mbuzi, mwanamume na gunia la korosho.
Dawa yao naijua: naweka kioo cheusi mbele ya lenzi,
naiacha kamera jicho wazi nusu dakika.
Kinachotembea hakiandikwi.
Mara nne wamepita, mara nne kimebaki kiwanja,
cheupe, kitupu, tayari kwa mnunuzi.

Somoe anakuja kuchungulia kioo cha nyuma.
Ananuka moshi wa maganda ya korosho.
"Mimi nimepita hapo na ndoo. Niko wapi?"
Namweleza. Namweleza vibaya, kwa maneno ya ufundi.
Anafikiri, anajifuta mikono.
"Kwa hiyo nikisimama?"
"Utaonekana."
"Nisimame kiasi gani?"

Babu alikuwa na kipande: alama thelathini, mshahara mmoja.
Siku ya homa haikutiwa alama.

"Thelathini," nikasema.

Akaenda kusimama kwenye mlango wa ghala,
si katikati, pembeni, ilipo ndoo yake,
bega moja limeshuka.
Nikafungua.
Alihesabu mwenyewe, kwa sauti, taratibu,
kama anayempimia korosho mtu asiyemwamini.
Kwenye ishirini na kitu nzi akamtua juu ya nyusi.
Hakumfukuza.

Hiyo ni ya arobaini.
Karatasi inasema arobaini.